Utando wa Nje wa Bakteria wa Tumbo: Kwa Nini Nasaba Hazifanani

Makala haya yanakusudia kumweleza mwalimu na mwanafunzi wa Kiswahili jambo ambalo kwa kawaida huachiwa watu wa maabara, yaani kemia ya utando wa nje wa bakteria anayeishi tumboni mwa binadamu, na jinsi utando huo unavyotofautiana kutoka nasaba moja hadi nyingine. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linaihusu nini idara ya Kiswahili. Linaihusu sana. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikapewa hadhi ya lugha rasmi nchini. Tangu hapo wanafunzi wetu wanaombwa kufasiri vijikaratasi vya dawa, maelezo ya vipimo na mabango ya afya, na mara nyingi wanaletewa matini za Kiingereza au Kifaransa zenye maneno ambayo hawajawahi kuyasikia darasani. Mfasiri asiyeelewa kitu hawezi kukitafutia neno.

Tuanze na neno lenyewe la ugonjwa. Hapa Kigali ni nadra kumkosa mtu anayesema anaumwa *igifu*. Kinyarwanda kimetenganisha *inda*, tumbo lote kwa jumla, na *igifu*, mfuko unaopokea chakula. Kiswahili hutumia *tumbo* kwa yote mawili, na anayetaka kubainisha husema mfuko wa tumbo au tumbo la chakula. Aidha, mtu wa Biryogo au wa Bukavu akiambiwa ana "vidonda vya tumbo" anaweza kuwa na kidonda kweli, au anaweza kuwa na uvimbe tu wa ngozi laini ya ndani ya tumbo, usio na kidonda chochote. Daktari hutofautisha hali hizo mbili, lakini lugha ya mtaani haizitofautishi. Tunalitaja hili mapema kwa sababu makala yote yanahusu kutenganisha vitu vilivyobanwa ndani ya neno moja.

Kwa muda mrefu vidonda vya tumbo vilihusishwa na wasiwasi, pilipili na asidi nyingi. Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kuotesha maabara bakteria mwenye umbo la parafujo aliyetoka katika matumbo ya wagonjwa. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, akapata uvimbe wa tumbo. Bakteria huyo alipewa jina la *Helicobacter pylori* mwaka 1989, mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ikamweka katika orodha ya visababishi vya saratani, na mwaka 2005 Marshall na Warren wakapata Tuzo ya Nobel. Kwetu Rwanda, utafiti wa hospitali ya chuo kikuu ya Butare uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya wagonjwa waliochunguzwa tumbo kwa endoskopi walikuwa naye. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la mbali.

Utando ni nini

Neno *utando* lina bahati ya kuwa tayari katika jikoni zetu. Ukichemsha maziwa na kuyaacha yapoe, juu hutanda kitu chembamba kinachoweza kuinuliwa kwa kijiko. Utando wa bakteria nao ni tabaka jembamba, na mafuta ni sehemu yake kubwa, ila hauonekani kwa macho na umepangwa kwa utaratibu wa hali ya juu. Tusiuchanganye na ukuta wa seli. *Helicobacter pylori* ana vyote: utando wa ndani, kisha ukuta mwembamba, kisha utando wa nje. Huo wa nje ndio unaokutana na asidi, na ute wa tumbo, na chembe za kinga za mwenyeji, na dawa.

Upande wa juu wa utando wa nje umejengwa hasa kwa molekuli iitwayo lipopolisakaridi. Jina linatisha, lakini mwalimu wa mofolojia atalichambua mara moja: *lipo* ni mafuta, *poli* ni wingi, *sakaridi* ni sukari. Ni mafuta yenye sukari nyingi. Molekuli hii ina sehemu tatu. Mafuta, yaitwayo lipidi A, yamejichimbia ndani ya utando kama mizizi. Juu yake kuna kipande kifupi cha sukari kiitwacho kiini. Juu ya kiini hutoka mnyororo mrefu wa sukari unaoning'inia nje.

Mafuta hayo yana habari yake. Bakteria *Escherichia coli*, anayeishi utumbo mpana, ana lipidi A yenye minyororo sita ya asidi za mafuta, kila mmoja ukiwa na kaboni 12 au 14, pamoja na fosfeti mbili. Mfumo wetu wa kinga huifahamu vizuri sana molekuli hiyo; ikiingia katika damu hupiga kengele ya hatari, na mgonjwa hupata homa kali au hata kuzimia. *Helicobacter pylori* hutengeneza kwanza kitu kinachofanana na hicho, kisha hukirekebisha kwa vimeng'enya. Huondoa fosfeti zote mbili na mahali pa mojawapo huweka kikundi kingine, na hubakiza minyororo minne tu, tena mirefu, ya kaboni 16 hadi 18. Matokeo yake ni molekuli inayoiamsha kinga kwa nguvu ndogo mno ikilinganishwa na ile ya *Escherichia coli*. Faida nyingine ni kwamba fosfeti hubeba chaji hasi, na baadhi ya silaha za mwili, pamoja na dawa iitwayo polimiksini, hujishika kwenye chaji hiyo. Fosfeti zikiondolewa, silaha hizo hazina pa kushika. Ndiyo maana maabara huweka polimiksini katika chakula cha kuoteshea *Helicobacter pylori*: bakteria wengine hufa, yeye hubaki.

Sare ya mwenyeji

Sehemu inayotofautisha nasaba kwa wazi zaidi ni mnyororo wa sukari ulio nje. Hapa watafiti wa miaka ya 1990 walikutana na jambo la kushangaza. Katika nasaba nyingi, zaidi ya asilimia 80 ya zilizopimwa, ncha ya mnyororo huo imejengwa kwa sukari zilezile zinazopatikana juu ya seli za tumbo la binadamu. Sukari hizo hujulikana kama antijeni za Lewis, jina lililotokana na ukoo wa mtu ambaye katika damu yake jambo hili lilitambuliwa mwaka 1946, nazo zina uhusiano wa karibu na makundi ya damu ya A, B na O.

Tuzitazame kidogo, maana zinafurahisha jicho la mwanaisimu. Lewis x ni sukari tatu: galaktosi, fukosi na glukosi iliyobadilishwa kidogo. Lewis y ni hizohizo pamoja na fukosi ya pili. Lewis a ina sukari tatu zilezile za Lewis x, ila zimeungana kwa viungo tofauti. Kingamwili inayoitambua moja haiitambui nyingine, kama vile msomaji asivyochanganya *mali* na *lima* ingawa herufi ni zilezile. Lewis b nayo ni Lewis a iliyoongezewa fukosi.

Bakteria aliyevaa Lewis x na Lewis y katikati ya seli zenye Lewis x na Lewis y ni kama mgeni aliyeingia shuleni akiwa amevaa sare ya shule. Mlinzi wa lango anaweza kumtilia shaka kwa mambo mengine, lakini si kwa nguo. Wako wanaodhani kwamba sare hii inaeleza kila kitu kuhusu maisha marefu ya bakteria huyu tumboni. Sisi tunaona hapo pana kutia chumvi, kwani ana mbinu nyingine nyingi, mojawapo ikiwa kutengeneza amonia kutokana na urea ili kupunguza makali ya asidi inayomzunguka. Hata hivyo, kufanana huko ni kwa kweli, si mfano tu wa kimaneno.

Nasaba na lahaja

Sasa tufike kwenye ulinganishaji wenyewe, na hapa tunahitaji neno. Wanabiolojia wana spishi, ambayo ni *Helicobacter pylori* mzima, na ndani yake wana makundi madogo, kila moja likiwa limetokana na bakteria waliochukuliwa kwa mgonjwa mmoja na kuoteshwa. Katika vyombo vya habari makundi kama haya huitwa *aina*, kama ilivyosikika mara nyingi wakati wa UVIKO-19. Kasoro ya *aina* ni kwamba inabeba spishi, kundi, mtindo na hata daraja la nomino kwa mpigo mmoja. *Kabila* tunalikataa, na msomaji wa Rwanda hahitaji kuelezwa kwa nini. Tunapendekeza *nasaba*, kwa kuwa linabeba wazo la kutokana na mzazi mmoja, nalo ndilo wazo linalotakiwa.

Kwa wasomaji wetu njia fupi ya kuelewa nasaba ni kufikiria lahaja. Kimvita, Kiunguja, Kimtang'ata na Kingwana vyote ni Kiswahili. Sarufi kwa sehemu kubwa ni moja, lakini hakuna atakayesema matamshi ni mamoja. Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, hakikuchaguliwa kwa kuwa lahaja nyingine zote zinafanana nacho. Maabara nazo zina nasaba zao sanifu. Nasaba ya rejea, NCTC 11637, ilitoka Australia katika kazi ya Warren na Marshall, na muundo wa lipopolisakaridi yake ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kuelezwa kwa kina katikati ya miaka ya 1990. Nasaba 26695, ambayo jenomu yake ilisomwa yote mwaka 1997, ilitoka kwa mgonjwa wa Uingereza. J99, iliyosomwa mwaka 1999, ilitoka Marekani. G27 ilitoka Italia na P12 Ujerumani.

Mwaka 2000 Mario Monteiro na wenzake walichapisha ulinganisho wa nasaba tano, zikiwamo 26695, J99 na nasaba ya Sydney inayotumiwa kwa panya, wakazipanga katika familia kufuatana na sukari zake. Nasaba moja kati ya hizo, P466, ilikuwa na Lewis x iliyoongezewa asidi ya siali. Nyingine, UA915, ilikuwa na Lewis b. Baadaye ikabainika kwamba tofauti haziko kwenye ncha tu. Kati ya kiini na ncha nasaba nyingi zina kipande cha sukari za kaboni saba zilizopangwa mfululizo, kiitwacho heptani. Mwaka 2017 kikundi cha Perth kilichora upya mipaka ya kiini na mnyororo kwa kutumia G27, na mwaka 2019 kikaonyesha kwamba nasaba za Asia ya Mashariki hutengeneza lipopolisakaridi isiyo na heptani. Kilichodhaniwa kuwa sarufi ya spishi nzima kikaonekana kuwa tabia ya baadhi ya lahaja.

Na Afrika je? Tafiti za jeni zilizochapishwa mwaka 2003 na 2007 zilionyesha kwamba bakteria huyu alitoka Afrika pamoja na binadamu, miaka takriban 58,000 iliyopita, na kwamba uanuwai wake wa kijeni hupungua kadiri mtu anavyokwenda mbali na Afrika Mashariki. Jambo hili linastahili kusomwa mara mbili. Uanuwai mkubwa uko upande wetu wa dunia, lakini nasaba tano za maabara tulizozitaja hapo juu hakuna hata moja iliyochukuliwa kwa mgonjwa aliyeko barani Afrika. J99 kwa jeni zake iko katika kundi la Afrika Magharibi, lakini ilifika maabara kupitia tumbo la mtu aliyekuwa Marekani. Ni sawa na kuandika sarufi ya lahaja zote kwa kumsikiliza mzungumzaji mmoja aliye ughaibuni.

Mfano wa lahaja una mpaka wake, nao ni muhimu. Lahaja ya mtu haibadiliki kati ya asubuhi na jioni. Sukari za bakteria hubadilika. Jeni za vimeng'enya vinavyobandika fukosi zina sehemu ambapo herufi moja ya kijeni, C, inajirudia mara nyingi mfululizo. Bakteria anaponakili jeni hizo hupotea katika kuhesabu, kama mtoto anayenakili "cccccccccc" ubaoni, akaongeza herufi moja au akapunguza. Kwa kuwa jeni husomwa herufi tatu tatu, herufi moja ikizidi kila kinachofuata huwa hakisomeki, na kimeng'enya hakitengenezwi. Kizazi kingine kikikosea kwa upande wa pili, jeni huwaka tena. Hivyo ndani ya tumbo moja, katika nasaba moja, kuna bakteria wenye Lewis y na wasio nayo. Kwa mwanaisimu hii iko karibu zaidi na kuchanganya ndimi kuliko lahaja: mzungumzaji ni mmoja, ana uwezo wa kusema hivi na vile.

Ndiyo sababu ulinganishaji wa nasaba ni kazi ya uangalifu. Nasaba zote lazima zioteshwe katika hali moja: nyuzi 37, oksijeni kidogo, chakula kilekile na siku zilezile. Nasaba ikihamishwa kutoka sahani hadi sahani kwa muda mrefu inaweza kupoteza mnyororo wake wa nje kabisa, kwa kuwa katika sahani hakuna kinga ya kujificha. Baada ya kuoteshwa, lipopolisakaridi hutolewa kwa maji moto na fenoli, mbinu ya tangu mwaka 1952, kisha hutenganishwa katika jeli, hujaribiwa kwa kingamwili zinazoitambua kila Lewis, na hatimaye hupimwa kwa mashine zinazoonyesha uzito na viungo vya kila sukari. Aliyewahi kukusanya data ya lahaja vijijini ataelewa: hojaji ikibadilika kutoka kijiji hadi kijiji, tofauti uliyoipata huenda ni ya hojaji.

Chakula nacho kina neno. Bakteria huyu hawezi kutengeneza kolesteroli, lakini huichukua kutoka kwa mwenyeji, huibandika glukosi na kuiweka katika utando wake mwenyewe. Kolesteroli tupu ikizidi huvutia chembe za kinga. Ikishabandikwa glukosi huzikwepa. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba ute unaotoka sehemu za chini za ngozi ya tumbo una sukari inayokizuia kimeng'enya hicho cha kubandika glukosi. Mwili, kwa maneno mengine, una dawa yake ndogo. Ukilinganisha nasaba mbili, moja ikiwa imelishwa kolesteroli na nyingine haikulishwa, utakuwa umelinganisha vyakula.

Kinachomfikia mgonjwa

Hadi leo hakuna chanjo dhidi ya *Helicobacter pylori* inayotumika kwa umma. Sababu ni nyingi, lakini utando wa nje ni mojawapo. Chanjo inayofundisha mwili kushambulia Lewis x inaweza kuufundisha kuishambulia ngozi ya tumbo lake wenyewe, na chanjo inayolenga kipande ambacho nasaba nyingine hazina itawaacha wengi bila ulinzi. Kwa sasa tiba ni dawa za kuua bakteria zinazotolewa pamoja na dawa ya kupunguza asidi. Utafiti wa Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba takriban wagonjwa wanane katika kumi walipona kwa tiba hizo. Wawili waliobaki ndio wanaorudi wakiwa na karatasi ya kipimo mkononi, wakitaka kujua imeandikwa nini.

Hapo ndipo mfasiri anapoingia. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili umejitengenezea baada ya kukutana na utando huo, na kingamwili hizo hubaki katika damu kwa miezi mingi hata bakteria akishauawa. Isitoshe, kipimo kilichotengenezwa kwa antijeni za nasaba za ng'ambo kinaweza kutowatambua vyema wagonjwa wa huku. Kipimo cha kinyesi hutafuta vipande vya bakteria mwenyewe, na kile cha pumzi hutafuta kazi anayoifanya. Tumewahi kuona katika zoezi la wanafunzi majibu ya kipimo cha damu yakifasiriwa kuwa "bakteria wameonekana kwenye damu". Mgonjwa akisoma hivyo atarudi duka la dawa kununua tena viuavijasumu asivyovihitaji. Bakteria huyu haishi katika damu, na kipimo hakikumwona. Kinachopaswa kuandikwa ni "damu ina kingamwili dhidi ya *Helicobacter pylori*", na chini yake, kwa herufi za ukubwa uleule, kwamba jibu hilo peke yake halionyeshi kama bakteria bado yumo tumboni.